Klabu Inadaiwa Tiba, Haidaiwi Namba

Bukavu ni mji wa miteremko. Ukishuka kutoka Kadutu hadi Nyawera, kisha ukarudi, goti limeshafanya kazi ya nusu mechi. Mwenye magoti mazima halitambui hilo. Analitambua mchezaji aliyekatika kano msimu uliopita, anayeshuka na magongo yake kwenda mazoezini ili awatazame wenzake tu. Karibu kila klabu ya mji huu, kubwa au ya mtaa, ina mtu wa namna hiyo. Mara nyingi amevuka miaka 30. Watoto wa mtaa wamejifunza kutuliza mpira kwa kumtazama yeye, na kuna bao lake moja ambalo wazee bado wanalisimulia.

Siku inafika anapokwenda kwa kiongozi wa klabu.

"Papa Prezida, goti inaendelea muzuri. Muniongezee miezi mbili tu, nitarudia."

"Mwanangu, wewe uko wetu. Lakini feza ya kulipa mutu mwenye hachezi, tutaitosha wapi?"

Mazungumzo haya nimeyasikia kwa sura nyingi, na kila mara nimeona kwamba wote wawili wanasema kweli. Mchezaji kweli ameumia akiwa amevaa jezi ya klabu. Klabu kweli haina kitu. Mashabiki nao hugawanyika hapo hapo. Kundi moja linasema mzee ametufikisha hapa, hatumwachi. La pili linasema mpira hauchezwi kwa kumbukumbu, atupishe.

Mimi nasema makundi yote mawili yanajibu swali lisilo sahihi. Mchezaji aliyeumia kazini anaidai klabu yake tiba na malipo yake hadi mkataba uishe. Hilo ni deni, na deni halijadiliwi kwa kura za mashabiki. Ila namba katika kikosi haimo katika deni hilo. Namba hupatikana upya kila msimu, kwa miguu. Klabu ikichanganya mambo haya mawili itamdhulumu mchezaji au itaidhulumu timu, na mara nyingi huwadhulumu wote kwa pamoja.

Fundo lenye nyuzi tatu

Tunapouliza "abaki au aende?" tunauliza maswali matatu kwa pumzi moja. La kwanza: tunamdai nini, naye anatudai nini? Hilo lina jibu katika mkataba. La pili: je, mguu utarudi? Hilo ni la munganga. La tatu: je, timu itamhitaji msimu ujao, akiwa na umri huo, katika nafasi hiyo? Hilo ni la kocha.

Katika klabu zetu nyingi maswali yote matatu hujibiwa na mtu mmoja, jioni moja, naye ni yule yule anayetoa pesa mfukoni mwake. Akiwa na huruma, mchezaji anabaki kwenye orodha ingawa goti limekwisha. Akiwa amebanwa, mchezaji anaondolewa ingawa goti lingepona. Nyuzi hizi zikifunguliwa, kila moja ikapewa mwenyewe, uamuzi unaoonekana mgumu hupungua uzito. Mifano ipo, na baadhi yake ni ya watu wetu wenyewe.

Nonda: kulea jeruhi na kuziba pengo

Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akapitia Yanga ya Dar es Salaam, Afrika Kusini na Uswisi, na taifa alilolichezea ni Kongo. Msimu wa 2002/03 alifunga mabao 26 akiwa na Monaco na kuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Ufaransa. Mwanzoni mwa msimu uliofuata akaumia goti vibaya, akakaa nje kwa miezi mingi.

Monaco walifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Walimkopa Fernando Morientes kutoka Real Madrid ili pengo lizibwe, na Nonda wakaendelea kumtunza kama mchezaji wao. Morientes akamaliza msimu akiwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa mabao 9. Kisha ikaja tarehe 20 Aprili 2004, nusu fainali dhidi ya Chelsea. Monaco walikuwa wamebaki 10 uwanjani. Nonda akaingia kutoka benchi na kufunga bao la tatu katika ushindi wa 3-1, na Monaco hatimaye wakafika fainali.

Msomaji atasema Nonda alikuwa na miaka 27 tu. Ni kweli, na ndiyo maana hadithi yake haitoshi kujibu swali la mchezaji wa miaka 33. Lakini inafuta kosa moja kubwa: dhana kwamba kumtunza aliyeumia ni kukataa kumtafutia mbadala. Anayetibiwa halazimiki kushikiliwa nafasi. Mkataba wake na Monaco ulipokwisha mwaka 2005, Nonda alikwenda Roma. Klabu ilikuwa imemaliza deni lake, naye alikuwa amemaliza lake. Hapakuwa na aliyemtupa mwenzake.

Manula: hatari ya mlango wa kurudi

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Dar es Salaam. Aishi Manula alikuwa kipa namba moja wa Simba kwa miaka. Aprili 2023 aliumia, timu ikiwa katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na lango likashikwa na kijana Ally Salim dhidi ya Wydad. Baadaye Simba wakamsajili Ayoub Lakred kutoka Moroko. Hadi hapo klabu ilitenda sawasawa: jeruhi anatibiwa, pengo linazibwa.

Kisha tarehe 5 Novemba 2023 Manula akarudishwa langoni, na mechi aliyorudishiwa ilikuwa ya watani wa jadi. Yanga 5, Simba 1. Mabao matano hayatoki kwa mtu mmoja, na itakuwa uonevu kumtwika yeye jioni ile. Ninalolisema ni hili: mchezaji aliyekaa nje miezi mingi hapaswi kupewa mtihani mkubwa kuliko yote siku ya kwanza. Jina lake lilikuwa kubwa, na jina kubwa hufupisha subira ya kila mtu, hata ya mchezaji mwenyewe. Manula aliendelea kuwa mchezaji wa Simba hadi mwaka 2025 aliporudi Azam, klabu aliyoiacha mwaka 2017. Lakini jioni moja ya kurudishwa ilimletea maneno ya mashabiki ambayo miezi yote ya maumivu haikumpa.

Umri si ugonjwa, lakini una hesabu zake

Kuna wanaosema mtu akifika miaka 32 akaumia, basi mazishi yake ya mpira yamefika. Namwalika mwenye maneno hayo amkumbuke Robert Kidiaba. Alizaliwa Februari 1976. Mwaka 2010, akiwa na miaka 34, alidaka TP Mazembe ilipokwenda Abu Dhabi, ikaifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Februari 2015, siku chache baada ya kutimiza miaka 39, alikuwa langoni Kongo ilipotwaa nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika kwa penalti mbele ya Guinea ya Ikweta.

Lakini Kidiaba alikuwa kipa, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Miguu ya kipa haiombwi kukimbia kwa kasi mara 30 katika mechi. Beki wa kati mwenye akili anaweza kuificha miaka yake kwa kusimama mahali sahihi. Winga hana maficho. Kinachopotea kwanza mwilini ni kasi, na kasi ndiyo mtaji wake. Kwa hiyo goti la winga wa miaka 33 na goti la kipa wa miaka 33 ni mambo mawili tofauti, hata kama kano iliyokatika ni ile ile.

Jambo la pili katika hesabu ni historia ya majeraha. Waganga wa michezo wanakubaliana kwamba aliyewahi kuumia mahali fulani yuko katika hatari zaidi ya kuumia tena mahali hapo. Kocha anayeulizwa kuhusu mkongwe asiangalie tarehe ya kuzaliwa peke yake. Ahesabu mechi alizocheza katika misimu miwili iliyopita, na ahesabu ni mara ngapi aliumia pale pale.

Hata hivyo mwili una siri zake. Mhispania Santi Cazorla alicheza mechi yake ya mwisho na Arsenal Oktoba 2016. Kifundo cha mguu kikapasuliwa mara nyingi, vijidudu vikaingia na kula sehemu ya kano ya kisigino. Alisimulia kwamba aliambiwa ashukuru akiweza tena kutembea bustanini na mwanawe. Arsenal walimbakiza hadi mkataba wake ulipokwisha mwaka 2018. Hawakumwongezea mwingine. Villarreal, klabu iliyomlea, ilimruhusu afanye nao mazoezi ya kabla ya msimu, ikamtazama, na ndipo ikampa mkataba akiwa na miaka 33. Mwaka 2019 aliitwa tena timu ya taifa ya Hispania.

Watu hupenda kuisimulia hadithi ya Cazorla kama muujiza. Mimi naipenda kwa sababu klabu zote mbili zilitenda haki, kila moja kwa sehemu yake. Arsenal ililipa deni. Villarreal ilimpima kwanza, kisha ikatoa namba. Hapakuwa na huruma iliyopofusha wala ukali uliotupa.

Na tusidhani utajiri ndio unaofundisha adabu hii. Mwaka 2025, Barcelona na kipa wake Marc-André ter Stegen, mwenye miaka 33 na mgongo uliotoka kupasuliwa, walivutana kuhusu hati ya matibabu. Kanuni za fedha za ligi ya Hispania zinairuhusu klabu kutumia sehemu ya mshahara wa majeruhi wa muda mrefu kumsajili mwingine, na Barcelona waliihitaji saini yake. Akakataa, akavuliwa unahodha, akasaini, akarudishiwa. Klabu yenye kila aina ya daktari na mwanasheria iliteleza pale pale tunapoteleza sisi: hesabu ya namba ilipoingia chumba cha munganga.

Karatasi ambayo hatuna

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji ziko wazi. Mkataba wa mchezaji wa kulipwa huisha muda wake ukifika au pande mbili zikikubaliana, na anayeuvunja bila sababu halali hulipa fidia. Kuumia hakuhesabiwi kuwa sababu halali. Klabu hairuhusiwi hata kuweka sharti kwamba mkataba utasimama tu mchezaji akifaulu vipimo vya afya: vipimo hufanywa kabla ya kusaini. Na asiyelipwa mishahara miwili ya mwezi anaweza kuondoka kwa haki, baada ya kuitaarifu klabu kwa maandishi na kuipa siku 15 ilipe.

Lakini kanuni hizo hizo zinasema mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kuchezea mpira. Hapo ndipo wengi wa wachezaji wetu wanapoanguka nje ya mlango. Mikataba mingi ya mji huu ni ya mdomo: primu ya mechi, nauli, ahadi ya mwisho wa msimu. Siku goti linapokatika, mchezaji hana karatasi ya kuionyesha LIFSKI, ligi ya soka ya Kivu Kusini, wala FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, wala hakimu yeyote. Haki yake yote imebaki mdomoni mwa mtu aliyeahidi.

Hii ndiyo sababu mjadala wa "abaki au aende" unauma zaidi Bukavu kuliko Monaco. Kule kuna mkataba unaosema tarehe ya mwisho. Hapa tarehe ya mwisho ni siku kiongozi anapoacha kupokea simu.

"Feza tutaitosha wapi?"

Sitaki kulipuuza swali la Papa Prezida. Klabu zetu si maskini wa heshima. OC Muungano na Bukavu Dawa zimelipeleka jina la mji huu katika mashindano ya taifa, na Bukavu Dawa ilitwaa Kombe la Kongo mwaka 2008. Lakini heshima hainunui dawa. Mapato ya mlangoni kwenye uwanja wa Concorde pale Kadutu, michango ya wapenzi na mfuko wa kiongozi ndiyo mihimili iliyopo. Tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini, benki zikafungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, mihimili hiyo imetikisika yote.

Hata hivyo, nauliza: kumwacha aliyeumia ni bure kweli? Mtazame kijana wa miaka 18 aliyeketi kando siku mkongwe anaondolewa na goti lake. Hakuna aliyemwambia neno, lakini ameshajifunza. Amejifunza kwamba anayesema ameumia anapoteza sahani. Wiki tatu baadaye goti lake mwenyewe likianza kuvimba, atanyamaza. Atafunga kitambaa, atameza vidonge vya sokoni, atasuguliwa kwa maji ya moto, atacheza. Ufa mdogo wa majuma mawili utageuka kuwa jeraha la mwaka. Majeraha ya muda mrefu tunayoyalalamikia, mengi yanazaliwa na woga huu. Klabu inayowatupa majeruhi inatengeneza majeruhi wapya kwa mikono yake.

Gharama hiyo haiandikwi kwenye daftari la mweka hazina, lakini inalipwa kila msimu.

Nakiri pia upande wa pili, kwa sababu kuna ukatili mwingine unaovaa nguo za huruma. Ni kumbakiza mtu kikosini kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Anapewa jezi, anaingizwa dakika 10 za mwisho, anakimbia akichechemea, na wale wale waliomwimba wanaanza kumzomea. Kijana aliyestahili nafasi ile anahamia Uvira au Goma. Mkongwe anajua moyoni kwamba amekwisha, lakini klabu imemnyima hata heshima ya kuambiwa ukweli. Shukrani ya namna hiyo haimjengi mtu.

Nini kifanyike

Kwanza, karatasi. Mkataba wa ukurasa mmoja, wenye saini za pande mbili na shahidi, useme mambo manne: muda, malipo, nani analipia matibabu ya jeraha la mechi au mazoezi, na hadi lini. Klabu isiyoweza kuahidi mwaka iahidi miezi sita, lakini iandike sita na ilipe sita. Ahadi ndogo inayotimizwa ni bora kuliko kubwa inayoyeyuka.

Pili, mfuko. Sehemu ndogo ya mapato ya kila mechi itengwe kabla ya primu, iwekwe mahali ambapo mtu mmoja peke yake hawezi kuitoa. Na klabu zinazojiita za kulipwa ziwaandikishe wachezaji wao CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, maana mfuko huo una tawi la ajali za kazini, na uwanja ndio mahali pa kazi pa mchezaji.

Tatu, vipimo vyenye tarehe. Kano ya mbele ya goti ikiunganishwa kwa upasuaji, kurudi kabla ya miezi tisa ni kucheza kamari na mguu wa mtu. Klabu iweke miadi: mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa. Wala hatuhitaji mashine za Ulaya ili kuanza. Kipimo kimoja kinachotumika kote kinataka chaki na kamba ya kupimia tu. Mchezaji anaruka mbele kwa mguu mzima, unapima. Anaruka kwa mguu ulioumia, unapima. Mguu ulioumia ukishindwa kufikia asilimia 90 ya ule mzima, hajawa tayari, hata akiapa kwa jina la mama yake. Kuruka peke yake hakutoshi kumruhusu acheze, lakini kunatosha kumzuia. Kipimo hicho kinaweza kufanyika kwenye saruji ya uwanja wowote wa Kadutu.

Nne, kutenganisha midomo. Munganga aseme kuhusu goti. Kocha aseme kuhusu namba. Kiongozi aseme kuhusu mkataba. Na watatu hao wamwambie mchezaji uso kwa uso, kabla mashabiki hawajasikia.

Tano, kazi ya kesho. Kidiaba alipoacha kudaka akawa kocha wa makipa pale pale Mazembe. Mkongwe wetu asisubiri goti limfukuze ndipo afikirie ukocha. Akifikisha miaka 30, klabu imwombee nafasi kwenye kozi za leseni za CAF, imkabidhi vijana wa chini, imfundishe kushika filimbi. Lakini kazi hiyo itolewe kwa sababu anaiweza. Ikitolewa kama kifuta machozi itawaumiza watoto anaowafundisha.

Mambo haya yote hayataifanya klabu ya Bukavu kuwa Monaco. Yataifanya iaminike, na klabu inayoaminika huchezewa hadi pumzi ya mwisho hata mwezi ambao primu imechelewa.

Siku moja, basi, natamani mazungumzo yale ya mwanzo yaishe kwa namna nyingine. Mchezaji ameketi, magongo ameyaegemeza ukutani. Karatasi yao iko mezani. Na Papa Prezida anamjibu bila kukwepa macho yake:

"Mwanangu, goti tutaitunza mpaka mwisho, njo vile tuliandika. Namba, tutaiongea siku utaruka."